Barua ya wazi: Ghorofa letu ni mtaa uliosimama, na mtaa huu hauna mjumbe

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Kwa Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam. Na kwa Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote, na kwa walio wakubwa kwangu, shikamooni.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Jumapili, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kumi alianguka chooni kwake. Mkewe alitoka koridoni akipiga kelele, nasi tukatoka. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Jirani mmoja ambaye ni muuguzi akasema hiki ni kiharusi, apelekwe hospitali sasa hivi. Lifti ilikuwa na wiki ya saba haifanyi kazi. Tukamkalisha Mwalimu kwenye kiti cha plastiki, tukamfunga kifuani kwa kanga mbili, vijana wanne wakakibeba kiti, tukaanza kushuka.

Ngazi kuu za jengo letu ni nyembamba, na kuanzia ghorofa ya tatu kwenda chini zimejaa marobota ya nguo na maboksi ya viatu ya wenye stoo. Kiti hakikupita. Tukarudi juu ghorofa moja, tukavuka koridoni hadi ngazi za nyuma, zile za dharura, tukashuka mpaka chini kabisa. Mlango wa chini ulikuwa na kufuli. Funguo alikuwa nayo mlinzi, na mlinzi alikuwa ametoka kwenda kunywa chai upande wa Msimbazi. Tukasimama pale gizani dakika 25, Mwalimu kitini, mimi nimeshika tochi ya simu, mkewe amepiga magoti anamfuta mate kwa ncha ya kanga.

Mwalimu yu hai. Maneno hayamtoki sawasawa, na sasa anaishi Mbagala kwa binti yake, katika nyumba ya chini, kwa kuwa ngazi haziwezi tena. Sisemi kwamba dakika zile ndizo zilizomlemaza. Hilo wanalijua madaktari. Ninachojua ni kwamba kiharusi alikipata kwa majaliwa ya Mungu, lakini lile kufuli alilifunga binadamu, na hakuna ofisi hata moja katika jiji hili ambayo kazi yake ilikuwa kuja kuliona kabla ya usiku ule.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga ghorofa ya tisa, Kariakoo, huu ni mwaka wa nane. Jengo lina ghorofa 12. Mbili za chini ni maduka na stoo, kumi za juu ni makazi, nyumba nne kila ghorofa. Hizo ni familia 40, na ukihesabu watoto, wadogo zetu waliokuja kutafuta kazi na wageni wa kutoka mikoani, tunakaribia watu 200. Wazee wa mtaa wanasema kiwanja hiki kilikuwa na nyumba moja ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, na baraza mbele ambako watu walicheza bao. Mtaa ni uleule na upana wa barabara ni uleule. Chemba za majitaka nazo ni za enzi hizo, na kila masika zinatukumbusha. Kilichobadilika ni kwamba pale walipolala watu thelathini, sasa wanalala mia mbili, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake.

Silalamiki kwamba ghorofa zimejengwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wenye kilomita za mraba 1,393. Watu hao hawawezi wote kujengewa nyumba ya chini yenye uwanja. Wateja wangu wako hapa. Nikihamia Chanika nitaamka saa kumi alfajiri na kurudi watoto wamelala. Ghorofa ni jibu zuri kwa jiji lililojaa. Ninacholalamikia ni kwamba ghorofa letu ni mtaa mzima uliosimama wima, lakini linatazamwa kana kwamba ni nyumba ya mtu mmoja.

Tazameni mtaa uliolala chini. Una mwenyekiti wake na wajumbe wa kamati yake. Una mjumbe wa nyumba kumi ambaye, japo siku hizi ni wa chama, kila mtu bado anakwenda kumgongea mlango akiibiwa kuku. Barabara ya mtaa akiiziba mtu kwa tofali, majirani watasema, na akikaidi ataitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Sasa njooni kwetu. Barabara yetu ni zile ngazi. Uchochoro wetu ni korido. Mtu ameziba barabara yetu kwa marobota na mwingine ametia kufuli kwenye njia yetu ya kutokea, nasi hatuna wa kumgongea. Kwa hesabu ya nyumba kumi kumi tungestahili wajumbe wanne, na hatuna hata mmoja. Novemba 2024, wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea walikuja mpaka getini, wakagawa vipeperushi vyao kwa waliokuwa wakiingia na kutoka, wakaondoka. Hakuna aliyepanda.

Baada ya usiku ule wa Mwalimu nilifunga cherehani siku mbili nikaenda kuuliza: nani anahusika na ngazi zilizozibwa? Sitataja ofisi nilizopita, kwa kuwa niliokutana nao walikuwa watu waungwana na kila mmoja alinijibu kwa ukweli wa kazi yake. Mmoja aliniambia wao hutoa kibali cha ujenzi, na jengo letu lilishajengwa. Wa pili akasema wao husimamia wahandisi. Wa tatu akasema jengo ni mali ya mtu binafsi, niongee na mwenye nyumba. Mwenye nyumba simjui. Namjua dalali, na dalali ananijua mara mbili kwa mwaka, kodi ya miezi sita inapofika. Nilirudi nyumbani nimeelewa jambo moja: jengo lina serikali nyingi wakati linapanda, na likishakaliwa halina hata moja.

Ipo Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, ile iliyoleta hati ambazo wengi huziita hati pacha. Chini yake, wanaomiliki nyumba ndani ya jengo moja huwa na umoja wao, na umoja huo ndio unaosimamia vitu vya wote: paa, lifti, ngazi, tangi la maji. Ni sheria nzuri. Lakini inamfikia aliyenunua. Kariakoo na pembezoni mwake, majengo mengi ni kama letu, mwenye jengo mmoja na wapangaji tele. Sisi tunaolala ndani hatuna umoja unaotambulika, hatuna kikao, hatuna daftari la malalamiko. Tunalo kundi la simu ambamo tunaambiana maji yametoka.

Niseme sasa kuhusu moto, maana ndio unaoninyima usingizi.

Miezi michache baada ya Mwalimu kuhama, nyaya ziliungua kwenye kile chumba cha chini zilikopangwa mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Wenye maduka waliuzima kwa mchanga na mtungi mmoja wa kuzimia moto, ambao kwa rehema ya Mungu ulikuwa bado una nguvu. Moshi ndio uliotufundisha. Ngazi zetu kuu hazina mlango wowote kati ya ghorofa na ghorofa, kwa hiyo zilifanya kazi ya dohani. Moshi uliotoka chini ulipanda moja kwa moja ukatukuta ghorofa ya tisa kabla hatujasikia hata sauti ya mtu. King'ora hakikulia, kwa kuwa hakipo. Mwanangu wa miaka sita alifungua mlango, akaona weusi mahali penye ngazi, akafunga, akaniuliza, "Mama, tunapita wapi?"

Nilimpeleka dirishani. Dirisha letu lina grili ya nondo zilizochomelewa, kama madirisha yote ya jengo hili, mpaka ghorofa ya kumi na mbili ambako hakuna mwizi awezaye kufika.

Ongezeni hapo gesi. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nilipikia mkaa kwenye kibaraza cha ghorofa ya tisa miaka mitatu na kifua changu kinakumbuka. Lakini maana yake ni kwamba katika jengo letu kuna mitungi 40 au zaidi, ya kilo 6 na ya kilo 15, inayopandishwa na kushushwa mabegani kwenye ngazi hizohizo zilizozibwa. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai ikapotelea dirishani. Hushuka, ikatambaa sakafuni, ikaingia ngazini na kwenye shimo la lifti, ikakaa huko chini ikingoja cheche. Mama wa nyumba ya chini anaweza kufungua madirisha akainusurisha familia yake. Sisi uvujaji wa ghorofa ya kumi unatufuata wa tisa, wa nane, wa saba. Mkakati unaotupandishia mitungi ghorofani ungepaswa kupanda nao mpaka juu, uone inakaa wapi.

Na maji ya kuzimia hayo yote yako wapi? Kila mita 10 za kupanda, maji hupoteza presha ya baa 1, kipimo cha msukumo wa maji. Maji ya bomba la mtaani hayafiki kwetu bila pampu, pampu haizunguki bila umeme, na jenereta ya jengo ni ya maduka. Kwenye korido ya kila ghorofa kuna sanduku jekundu lenye mpira wa kuzimia moto. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki langu alinionyesha kwamba mpira ule unategemea tangi lilelile la juu tunalochotea maji ya kuoga. Tangi likikauka, nao umekauka. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likaingia mgawo, tangi letu lilikaa tupu siku kwa siku. Vijana walitupandishia madumu kwa bei iliyoongezeka kila ghorofa: dumu lililouzwa 500 chini lilifika kwangu kwa 1,500. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na kutoka getini hadi mlangoni kwangu ni vidato 162. Bei ile sikuwahi kuibishia. Lakini wiki zile zote masanduku mekundu yalining'inia ukutani bila tone la maji, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Naomba msinielewe vibaya nikitaja misiba. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka hapahapa Kariakoo, na tukapoteza zaidi ya watu 20. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama nyuma ya kamba siku zile, tukiambiwa tunyamaze ili waokoaji wasikie sauti chini ya zege. Jeshi la Zimamoto, wanajeshi na raia wa kawaida waliwatoa wengi wakiwa hai, na shukrani zetu kwao haziishi. Baadaye macho yote yakaenda kwenye nguzo, nondo na zege, na ni haki yaende huko. Ila jengo si lazima lianguke ndipo liue.

Mnara wa Grenfell, London, haukuanguka. Ulikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu. Usiku wa Juni 14, 2017, moto ulianzia kwenye friji, ghorofa ya nne, ukapanda kwa nje kupitia yale mabamba yaliyobandikwa ukutani, na watu 72 wakafa. Wakazi wa mnara ule walikuwa wameandika kuhusu usalama wao kwa miaka, tena kwa maandishi yaliyo wazi. Na Novemba 26, 2025, huko Hong Kong, moto ulishika majengo ya Wang Fuk Court, minara minane ya zaidi ya ghorofa 30, iliyokuwa imezungushiwa majukwaa ya mianzi na nyavu kwa ajili ya ukarabati. Minara saba kati ya minane iliungua. Zaidi ya watu 150 walikufa, na ving'ora vya tahadhari havikufanya kazi ipasavyo. Huko pia wakazi walikuwa wamekwisha kuulizia zile nyavu kabla ya moto. Habari hizi nilizisoma nikiwa nimekaa kwenye mashine yangu, na kilichonichoma zaidi ya hesabu ya vifo ni hizo barua zilizotangulia.

Najua mtaambiwa kwamba haiwezekani kukagua kila jengo, maafisa ni wachache na ghorofa ni nyingi. Nami naomba mkumbuke kodi ya majengo. Mwaka 2021 Serikali ilianza kuikusanya kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila ghorofa la jengo la ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kila mwezi, bila afisa hata mmoja kupanda ngazi, ghorofa zetu zinahesabiwa moja moja na hazikosewi. Orodha ya majengo basi ipo. Kinachohitajika ni kuiambatanisha na orodha nyingine: ngazi za jengo hili zilikaguliwa lini, na nani, na zilikutwaje.

Hilo ndilo ninaloliomba, na nimejizuia nisiombe mengi ili hili lisipotee ndani yake. Jengo lolote la makazi lenye zaidi ya ghorofa nne likaguliwe kila mwaka likiwa na watu ndani, si likiwa kwenye karatasi za ramani. Mkaguzi apande kwa miguu kutoka chini hadi juu kwa ngazi zote mbili, afungue mpira wa kuzimia moto aone kama maji yanatoka, apime kama mlango wa chini unafunguka kwa mkono wa mtoto bila funguo. Kisha matokeo yabandikwe getini, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na tarehe. Jengo lisilopita, mwenye jengo apewe siku zilizotajwa, na zikiisha afungiwe maduka yake ya chini, maana huko ndiko pesa yake inakotoka. Sisi wa juu tusihamishwe kwa kosa lake. Na wapangaji wa kila jengo waruhusiwe kuchagua mwakilishi anayetambuliwa na serikali ya mtaa, ambaye simu yake ikipigwa inapokelewa.

Kuhusu kufuli, nimeongea na mlinzi wetu na sina kinyongo naye. Anaogopa wizi, na akiibiwa mtu yeye ndiye anayefukuzwa. Lakini ipo milango inayofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani na isiyofunguka kutoka nje. Iko kwenye hospitali, iko kwenye maduka makubwa ya Mlimani City. Bei ya mlango mmoja wa aina hiyo haifiki kodi yangu ya miezi sita.

Wengine watasema gharama zitarudi kwa mpangaji. Huenda. Niliwauliza wenzangu koridoni, mmoja baada ya mwingine, kama wangekubali kuongezwa elfu kumi kwa mwezi ili king'ora kilie na mlango ufunguke. Mama wa ghorofa ya sita, mwenye mapacha, alisema angetoa ishirini. Kijana mmoja alisema hapana, kwanza lifti. Nimemwelewa.

Na jambo hili linawahusu ninyi moja kwa moja, si wenye majengo binafsi peke yao. Serikali yenyewe sasa inajenga kwenda juu. Magomeni Kota imezipatia makazi kaya 644, na Shirika la Nyumba la Taifa linasimamisha minara yake. Miaka kumi au ishirini ijayo, rangi ikishachujuka na lifti zikianza kuchoka, swali la nani anashika funguo ya ngazi litakuwa limefika kwenye milango yenu. Ni afadhali lijibiwe sasa.

Waheshimiwa, njooni mtutembelee. Msitupe taarifa, maana tukipewa taarifa marobota yataondolewa asubuhi na kurudishwa jioni. Njooni saa mbili usiku, siku ambayo umeme umekatika na watoto wamerudi kutoka madrasa na tuisheni. Mkifika getini msiulizie lifti. Mwombeni mlinzi funguo ya ngazi za nyuma, mtazame saa zenu, mhesabu itachukua dakika ngapi kupatikana.

Mpangaji,
Ghorofa ya tisa, Kariakoo, Dar es Salaam